Tupeane uzoefu: bendi ya Black Sabbath mara ya kwanza uliwasikia wapi?

Mpiga Besi: Wakuu, tangu mwimbaji wao Ozzy Osbourne afariki Julai 2025 nairudia albamu yao ya kwanza, ile ya Februari 13, 1970. Mvua, kengele, halafu zile noti tatu za gitaa. Nilizisikia utotoni usiku, umeme umekatika, kaseti ya kaka, redio ya betri. Nilizima. Kidogo nikawasha tena. Nyie je?

Binti Kisauni: Mama alisema naita majini ndani ya nyumba. Kaseti ikatupwa uani.

Fundi Mbao: Mada imenigusa pabaya. Usiku nilikuwa mpiga solo wa bendi ya dansi, mchana karakana. Kinga ya msumeno ilishavunjika, tajiri kila siku "mwezi ujao". Ubao ukaruka, zikaenda ncha za vidole viwili vya kushoto, vile vya kubana nyuzi. Maumivu sikuyasikia, nililiwaza gitaa tu. Wodini nikageukia ukutani, anayekuja kunipa pole simjibu. Kijana wa kitanda cha pili ndiye aliyenisimulia Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath: Birmingham, Uingereza, umri miaka 17, siku yake ya mwisho kiwandani, mashine ya bati ikamkata ncha za vidole viwili. Yeye ni wa mashoto, kwa hiyo mkono ulioumia ndio wa kubana nyuzi. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea kofia za vidole, akazivika ngozi, akafunga nyuzi nyembamba. Hapo ndipo nililia.

Mpiga Besi: Pole sana mkuu. Unapiga tena?

Kamanda84: Legeza nyuzi kama yeye. Ule uzito wote wa albamu ya kwanza ni nyuzi kulegezwa.

Nyuzi Sita: Si kweli. Kulegeza nyuzi, kushusha sauti nusu toni tatu, kulikuja albamu ya tatu, 1971. Giza la ule wimbo wa kwanza linatoka kwenye noti alizochagua.

Kamanda84: Hata hivyo hevi metali, huu muziki mzito wa gitaa, ni ya bendi ya Led Zeppelin, si Sabbath.

Nyuzi Sita: Zeppelin nawaheshimu, lakini hawakunitisha. Sabbath walifanya mazoezi mkabala na sinema, wakaona watu wanalipa kwenda kuogopeshwa, wakaamua kuogopesha kwa muziki.

Binti Kisauni: Jamani, mwacheni Fundi ajibu!

Fundi Mbao: Napiga, ila kofia zangu za ngozi zinateleza kwenye uzi wa kwanza.

Kamanda84: Hamia besi.

Mpiga Besi: Asihame! Sugua msasa.

Nyuzi Sita: Msasa utakula nyuzi. Iommi alikata jaketi kuukuu la ngozi. Tafuta ya mtumba, iliyochakaa.