Naomba ushauri: fokasi ya picha za wadudu kwa karibu inanishinda

Habari zenu wakuu. Nina mwaka sasa napiga picha za wadudu kwa lenzi ya makro ya milimita 100, na kwa kweli nimenogewa. Juzi alfajiri nilimkuta kereng'ende katulia juu ya unyasi, mabawa yamejaa umande, na ndani ya kila tone majani ya nyuma yake yanaonekana juu chini. Nilipiga magoti pale karibu saa nzima.

Shida ni fokasi. Nikifika ukubwa wa 1:1 (yaani mdudu anatua kwenye sensa ya kamera kwa saizi yake halisi), jicho linatoka safi, kifua na miguu ni ukungu mtupu. Kwa f/8 (kipimo cha tundu la lenzi) sehemu inayoonekana vizuri ni kama milimita moja tu. Nikibana tundu hadi f/22 picha nzima inapoteza makali. Kaupepo nako!

Nasikia wengine wanapiga picha 20 au 30 wakisogeza fokasi kidogo kidogo, kisha wanaziunganisha kwenye kompyuta. Inawezekana kwa mdudu aliye hai, kamera ikiwa mkononi? Au nianze na flashi na kitambaa cha kulainisha mwanga? Hela inatosha kitu kimoja, flashi hiyo au reli ya kusogezea kamera. Kumgandisha mdudu kwenye friji ili atulie sitaki kabisa.