Naomba ushauri: ramani ya Tanganyika ya enzi za Mwingereza haikubaliani na GPS

Habari zenu wakuu. Nafuatilia historia ya mipaka ya vijiji karibu na Morogoro. Nina shiti ya ramani ya kipimo cha 1:50,000 ya ile Kurugenzi ya Upimaji wa Makoloni, iliyoanzishwa London mwaka 1946 chini ya Martin Hotine, kabla haijabadilishwa jina mwaka 1957. Imechorwa kutokana na picha za anga, mistari ya mwinuko iko kwa futi, na kwa kweli kazi ni safi kuliko nilivyotarajia.

Shida ni kwamba nikiiskani na kuiweka kwenye kompyuta kwa WGS84 (mfumo wa kumbukumbu wa mahali unaotumiwa na GPS), UTM (gridi ya mita) kanda ya 37 Kusini, kila kitu kinakaa takriban mita 300 kaskazini ya mahali pake. Makutano ya mito, bikoni (alama ya wapimaji) ya kilimani, vyote. Nimeskani upya nikidhani karatasi imevutika. Wapi!

Je, nitumie datamu (msingi wa kupimia mahali) ya zamani ya Afrika Mashariki, Arc 1960, badala ya WGS84, au kosa hilo ni kubwa mno kuwa la datamu? Na bikoni za zamani, ziliwekwa na timu za kutoka London au idara ya upimaji ya Dar es Salaam? Nataka kujua kumbukumbu zake nizitafute wapi.