Gari la kulala safarini: nilifanyie nini kabla ya kurudi Ruaha?

Baba Wawili (Dar es Salaam)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninalo gari la dizeli aina ya Land Cruiser ambalo miaka minne iliyopita nililifanyia marekebisho liwe la kulala safarini. Nyuma kuna kitanda cha mbao, friji ndogo ya volti 12, tanki la maji la lita 60 na jiko la gesi lenye mtungi wa kilo 6, na juu ya keria kuna hema la kukunjua wanamolala watoto. Tunalitumia mara mbili tu kwa mwaka, na miezi mingine yote linakaa uani chini ya mwembe.

Agosti mwaka jana tulikwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kwa siku tano. Kabla ya kuondoka nilibadilisha oili, nikajaza upepo kwenye matairi, nikaamini kwamba nimemaliza. Mpaka Iringa mambo yalikuwa shwari, lakini tulipoingia barabara ya vumbi kuelekea Msembe ndani ya hifadhi, yenye mawimbi kama bati, vitu vilianza kulegea kimoja baada ya kingine. Usiku wa pili friji ilizimika kwa kuwa betri ya nyuma ilikuwa imekwisha, na nyama yote ikaharibika. Maji ya tanki yalinuka hata watoto wakakataa kuyapigia mswaki. Usiku wa tatu mke wangu aliniamsha akisema anasikia harufu ya gesi, na nilipoinamisha uso chini ya kitanda niliikuta ni kali kuliko ilivyokuwa usawa wa dirisha. Tulifunga mtungi, tukafungua milango yote, na majirani zetu wa kambi wakatuhifadhi ndani ya gari lao mpaka kulipopambazuka.

Tunataka kurudi Julai. Naomba wenye uzoefu mnieleze mambo ya kukagua na kutengeneza kabla ya safari, hasa yale ambayo fundi wa kawaida wa gereji hayagusi, maana sitaki kuwaweka watoto katika hatari ile kwa mara nyingine.

Fundi wa Kihesa

Kaka, poleni sana, na mshukuru mama kwa kuamka. Nitaanza na gesi kwa sababu hayo mengine yanaharibu safari tu, lakini gesi inaondoa roho. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ndiyo maana uliikuta sakafuni; inatulia chini ikisubiri cheche, na swichi ya friji inaweza kuitoa cheche hiyo. Kwa magari ninayoyapokea kutoka barabara ya namna ile, mara nyingi kosa linakuwa mahali pawili: nati ya shaba kwenye regyuleta imelegezwa na mtikisiko, au mpira wa gesi umepitishwa kwenye tundu la bati lisilo na kikingio, ukasuguliwa mpaka ukatoboka. Badilisha mpira wote, usiuzibe kwa utepe. Kisha fungua mtungi huku jiko likiwa limezimwa, paka povu la sabuni kwenye kila kiungo, na utazame kwa utulivu kama kuna vipovu vinavyokua. Toboa pia tundu la kupitishia hewa kwenye sakafu karibu kabisa na mtungi, ili gesi ikivuja ipate njia ya kushukia nje. Gari likiwa linatembea, mtungi uwe umesimama wima, umefungwa kwa mkanda, na valvu yake imefungwa. Usilale jiko likiwaka hata kama usiku una baridi, kwa sababu moto katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Sasa betri. Naomba uangalie kama ile ya nyuma ni betri ya kawaida ya kuwashia gari, kwa maana watu wengi huweka hiyo kwa sababu ya bei. Imetengenezwa ili itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, na ukiinyonya polepole usiku kucha inakufa mapema. Hata betri ya asidi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo haipendi kushushwa chini ya nusu. Friji ya volti 12 wakati wa joto inaweza kutumia ampea-saa (kipimo cha umeme uliomo kwenye betri) 30 hadi 40 kwa siku, kwa hiyo betri ya ampea-saa 100 inakupa kama siku moja na nusu tu ikiwa gari limesimama na huna sola. Hesabu hiyo inalingana kabisa na usiku wako wa pili. Nunua kipimo cha volti: betri ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma karibu 12.7, na ikisoma 12.2 ujue imefika nusu. Wakati gari liko uani, ichaji kila mwezi, na kama ni ya kuongezwa maji, tumia maji ya betri peke yake.

Mama Msafiri

Shemeji yangu Baba Wawili, mimi na mume wangu tunasafiri na gari la namna hiyo kwa mwaka wa saba sasa, na nimejifunza kwamba kukaa uani kunaliharibu gari zaidi kuliko kutembea. Panya waliwahi kutukatia nyaya za taa nyuma ya kabati, na tuligundua usiku tulipofika kambini. Funua kabati, inua godoro, tazama kama kuna vinyesi au vumbi la mbao. Geukia matairi pia: ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za kwanza zikiwa wiki na mbili za mwisho zikiwa mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na kashata (meno ya kushika barabara) nzuri kabisa huku ubavu wake umepasukapasuka kwa jua na umri, na usilisahau lile la akiba ambalo halitazamwi na mtu.

Kuhusu maji, tatizo ni kuyaacha ndani ya tanki. Safisha tanki hivi: lijaze maji, tia dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, kiasi cha mililita 60 kwa tanki lako la lita 60, fungua bomba mpaka harufu ya dawa ifike, acha usiku kucha, kisha mwaga na usuuze mpaka harufu iondoke. Mkirudi nyumbani mwage yote na uache kifuniko wazi pakauke. Hema nalo msilikunje likiwa na umande. Mkilazimika, lifungueni siku hiyo hiyo mnapofika, kwa sababu ukungu ukishashika turubai hautoki.

Jambo langu la mwisho ni dogo lakini ndilo ninalolitegemea kuliko yote. Nikishakaza nati za keria, za hema, za yu-bolti za springi na za magurudumu, nachukua rangi nyekundu ya kucha na kuchora mstari mmoja unaoanzia kwenye nati na kuishia kwenye chuma. Tukisimama baada ya kilomita 50 za vumbi nazunguka na tochi, na mstari uliovunjika unaniambia ni nati gani imezunguka. Mwaka juzi uliniokolea springi ya nyuma kushoto.

Na kabla ya safari, laleni usiku mmoja uani na kila kitu kikiwa kinafanya kazi. Kitakachogoma, kigome hapo.

Baba Wawili (Dar es Salaam)

Nawashukuru sana. Fundi, nimekwenda kuangalia: betri ni ya kuwashia gari kweli, na mpira wa gesi umekwanguka pale unapopita chini ya kitanda. Shemeji, tairi la akiba ni la mwaka 2012. Je, kuna la kuongeza kuhusu injini na breki, maana tutapita mlima wa Kitonga tukiwa na mzigo?

Dereva Mstaafu

Mwanangu, Kitonga ina mambo mawili. Kupanda kunaipima rejeta. Watu huongeza maji ya bomba kidogo kidogo mpaka kulanti (kimiminika cha kupoza injini) inakwisha nguvu, kutu inajaa ndani, na nje mbegu za nyasi za porini zinaziba matundu ya hewa. Mwaga yote, jaza kulanti mpya, zioshe mbegu hizo kwa maji yasiyo na presha kubwa, na ukague mkanda wa feni. Kwa kuwa gari lilikaa muda mrefu, fungua pia kizibo cha chini ya filta ya dizeli utoe maji yaliyojikusanya.

Kurudi ndiko kunakoua. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa hata gari likiwa limeegeshwa, na breki zikipata moto mteremkoni unyevu huo hugeuka mvuke, pedali ikazama bila kushika kitu. Kama yamepita miaka miwili, yabadilishe yote. Teremka kwa gia ndogo tangu mwanzo wa mteremko, usisubiri mwendo ukolee. Mkimaliza, simameni Ruaha Mbuyuni na usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Lile gurudumu lenye joto kupita mengine ndilo ambalo breki yake imeng'ang'ania au beringi yake imekauka grisi, na mtafute fundi alifungue kabla hamjaingia Mikumi.