AMENIANIKA MBELE YA OFISI NZIMA, TENA KWA PROJEKTA

Karani_Mchovu:
Niko ndani ya matatu hapa steji ya Railways na mikono bado inatetemeka. Huyu mama wa HR ofisini mnamjua. Msijifanye. Yule wa "sisi hapa ni familia", anayetuma barua pepe za maua kila Jumatatu.

Si tuliambiwa tujaze fomu, wanapima kama mpango wa ushauri nasaha wa wafanyakazi unafaa? Ni siri, hakuna jina, jiachilie. Leo wakatuita ukumbini wote, hadi soja wa geti, kusomewa matokeo. Slaidi ya kwanza, maua. Ya pili, maua. Ya tatu: "Idara ya Hesabu. Mwanamume. Mmoja. Shida: NDOA."

Wazee. Idara ya Hesabu tuko wanne. Watatu ni akina mama.

Shingo zote zikageuka. Feni ikageuka. Hata picha ya Rais ukutani ilinichungulia. Na yeye ametabasamu, anazungusha kile kimwanga chake chekundu kwenye NDOA, "hapa tunaona mwitikio mzuri." Mwitikio! Kisha projekta ikakwama. Hapo hapo! Fundi akaenda kutafuta waya, na mimi nimekaa chini ya NDOA yenye herufi kubwa kuliko bango la mwanasiasa Mombasa Road. Mama wa chai akaniongeza mandazi, akanishika bega, "pole baba." Pole ya nini, mama? YA NINI?

Na mpango ati umefaulu kwa sababu "watu wanautumia". Watu gani? Mimi ndio watu! Mimi ndio grafu!

Sitaki ushauri. Ushauri ndio umenifikisha hapa.

Msee_wa_Umoja:
"Mimi ndio grafu" 😂😂😂 naichapisha kwa fulana kesho

Shosho_Digitali:
Kwani shida yenyewe ya ndoa ni gani? Sema tu mwanangu, huku hakuna projekta.

Karani_Mchovu:
Shosho hapana.

Niliacha_HR:
Nimefanya kazi hiyo. Kuhesabu walioenda si kupima chochote. Wakiwa wengi, labda huduma ni nzuri, labda ofisi inawamaliza. Mtu anaulizwa kabla ya ushauri, halafu tena baada ya miezi kadhaa: unakosa kufika kazini siku ngapi, ukiwa kazini akili iko kazini, maisha unayaonaje. Tofauti ndiyo jibu. Na idara ya watu wanne haitengwi kwenye ripoti, unaichanganya na zingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hata hali ya ndoa kuwa data nyeti. Mpeleke kwa Kamishna wa Data.

Karani_Mchovu:
Nikienda si nitaambiwa nilete ushahidi? Ushahidi ni ile slaidi! NDOA mara ya pili, mbele ya Kamishna?

Kijana_Rongai:
Wewe angalau una mshauri. Kwetu mshauri ni bosi. Unaenda kumlilia kuhusu yeye mwenyewe, anaandika.

Mama_Njeri_Donholm:
Sisi tulipewa namba ya simu. Nilipiga nikilia, nikaambiwa nisubiri, wakanichezea kwaya mpaka machozi yakakauka. Labda ndiyo huduma yenyewe.

Payslip_Nyeupe:
Mnaongea mambo ya machozi na mshahara umeisha ukiwa njiani. SHIF ya bima ya afya asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, halafu ofisi ikanikata pesa ya safari ya Naivasha ya "kujenga umoja". Sikuenda!

Kijana_Rongai:
Naivasha? Sisi umoja wetu ulijengwa Uhuru Park kwa soda moja moja.

Msee_wa_Umoja:
Baridi?

Kijana_Rongai:
Moto. Na chupa zikarudishwa zikihesabiwa.

Shosho_Digitali:
Hiyo ofisi ya mandazi iko wapi? Mjukuu wangu ana cheti cha hesabu.

Payslip_Nyeupe:
Shosho kwanza uliza kama mandazi hayakatwi kwa mshahara. Kwetu hata majani ya chai tunachanga.

Mama_Njeri_Donholm:
Na sukari analamba nani? Hiyo ndiyo nataka kujua. Kilo mbili Jumatatu, Jumatano hakuna.