Ni halali kuvibadilisha virusi vya mafua ya ndege maabara ili tujue kinachovifanya viue?

Mzamivu
Wakuu, mwaka 2011 watafiti Ron Fouchier wa Rotterdam, Uholanzi, na Yoshihiro Kawaoka wa Wisconsin, Marekani, kila mmoja na timu yake, walibadilisha vinasaba vya virusi vya mafua ya ndege vya aina ya H5 mpaka vikaanza kusambaa kwa hewa kutoka fereti mmoja hadi mwingine. Fereti, mnyama mdogo mwenye manyoya, huugua mafua karibu sawa na binadamu. Bodi ya ushauri ya Marekani ikataka baadhi ya maelezo yafichwe, watafiti wakasimamisha kazi kama mwaka mzima, ila makala zote mbili zilitoka 2012. Kwangu lile lilikuwa kosa. Kirusi kikitoroka, nani atakirudisha? Semeni.

Chembe Hai
Nakupinga. Bila kuvichokonoa tungejuaje pa kuangalia? HA, ile protini ya juu ya kirusi, lazima ikatwe ndipo kirusi kiambukize seli. Kwenye virusi vipole hukatwa na vimeng'enya vya njia ya hewa na utumbo tu. Virusi vikali vina asidi amino (vijenzi vya protini) kadhaa za besi zimejipanga mahali pale pa kukatia, na furini, kimeng'enya kilichomo karibu kila seli, inakata bila shida. Ndiyo maana kuku anashambuliwa mpaka ubongo na moyo. Shida ya mijadala hii ni watu ambao kila kuku akifa kwao ni upepo mbaya, basi.

Mama Vifaranga
Hapo kwenye upepo mbaya umenisema mimi, maana mfugaji humu ndani najijua ni mimi. Umewahi kufungua banda alfajiri ukakuta kimya? Jioni walikuwa wanagombania chakula. Asubuhi wamelala ubavu, kinyesi cha kijani kimetapakaa, na mtetea mmoja aliyebaki hai amepinda shingo mpaka kichwa kinatazama mkia. Nilizika 140. Kilikuwa kideri, na nilikitambua. Sikumsingizia upepo.

Kiguu na Njia
Pole dada, lakini kideri si mafua ya ndege. Tusitoke nje ya mada.

Chembe Hai
Hajatoka. Kirusi cha kideri kina protini inayoitwa F, nayo lazima ikatwe. Kideri kipole na kideri kinachomaliza banda vinatofautiana hasa hapo hapo pa kukatia. Ni hadithi ile ile kwa kirusi cha ukoo mwingine. Na Mama Vifaranga, samahani, lakini sikukutaja jina.

Mama Vifaranga
Toa hiyo "lakini" kwanza, ndipo niipokee.

Chembe Hai
Samahani.

Tumbili wa Jioni
Mnabembelezana huku watu wamekufa. Hong Kong 1997 walikufa 18!

Nahodha
Waliougua ni 18, waliokufa 6. Na mnachanganya mambo mawili. H7N9, aina nyingine ya mafua ya ndege, ya China mwaka 2013 mwanzoni haikuwaua kuku kabisa, mahali pake pa kukatia palikuwa pa kipole. Kwa watu ilithibitishwa kwa zaidi ya 1,500, na karibu 4 katika kila 10 walikufa. Kwa hiyo kinachoua kuku si lazima ndicho kinachoua mtu. Kwa mtu angalieni vipokezi vya seli ambavyo HA inashika, na protini nyingine ya kirusi, PB2, asidi amino iliyo nafasi ya 627. Virusi vya ndege kwa kawaida vina asidi ya glutamiki pale. Ikiingia lisini, asidi amino nyingine, kirusi kinazaliana vizuri zaidi ndani ya seli za mamalia.

Tumbili wa Jioni
Sita, kumi na nane, hoja ni kwamba H5N1 inaua nusu ya inaowapata.

Kiguu na Njia
Nusu ya waliopimwa! Anayepata mafua mepesi akapona kwake, nani atamhesabu? Mwaka 2024 wafanyakazi wa mashamba ya ng'ombe Marekani wengi walipata macho mekundu tu.

Tumbili wa Jioni
Kwa hiyo tusubiri kwanza kife kijiji?

Mzamivu
Jamani, niliuliza kuhusu maabara. Nahodha amesema jambo zito na hakuna aliyemjibu.

Chembe Hai
Nikujibu wewe basi. Asili haisubiri maabara. Pennsylvania, Marekani, 1983, mafua ya ndege ya H5N2 yalikuwa pole mwezi wa nne, yakageuka muuaji mwezi wa kumi. Kirusi kilipoteza sukari iliyokuwa imefunika mahali pa kukatia, basi. Zikateketezwa kuku na bata mzinga kama milioni 17.

Mama Vifaranga
Na miezi yote hiyo sita mfugaji aliambiwa nini?

Mzamivu
Dada, hilo silo nililouliza.

Mama Vifaranga
Ndilo ninalouliza mimi.

Chembe Hai
Siku hizi H5 au H7 ikikutwa na mpangilio ule mahali pa kukatia, shirika la dunia la afya ya wanyama linaihesabu kuwa kali hata kama haijaua kuku hata mmoja. Kusoma vinasaba kunatosha.

Mama Vifaranga
Basi majibu yakisomwa, nipewe siku hiyo hiyo. Safari ile nilipeleka kuku wawili wapimwe. Karatasi ilinifikia wiki ya tatu, nimeshapiga chokaa banda tupu.