Sahani ya buluu yenye wawindaji wa India: nitajuaje kama ni Spode ya zamani?

Kigae77: Wakuu, sahani ni ya inchi 10, mchoro wa dubu na wawindaji, pembeni wanyama wanakimbia. Nyuma imeandikwa "Death of the Bear" na SPODE, kile kiwanda cha vyombo cha Uingereza. Ni ya miaka ya 1810 au ni toleo la baadaye? Pia glezi (tabaka la juu linalong'aa) ina nyufa nyembamba zenye madoa ya kahawia. Niiloweke kwenye dawa ya klorini?

Bamba la Shaba: Huo ni mfululizo wa Indian Sporting, yaani vyombo vyenye picha za uwindaji India. Michoro ilitoka kwenye kitabu cha Kapteni Thomas Williamson, picha za Samuel Howitt, cha 1807 hivi. Soma maandishi ya nyuma vizuri: ukiona "England", sahau 1810. Neno hilo lilienea baada ya sheria ya ushuru ya Marekani kuanza kudai jina la nchi mwaka 1891. Halafu tazama mahali ambapo vipande vya karatasi ya kuhamishia mchoro vinakutana kwenye ukingo. Ukiona mnyama amekatwa kiuno, hapo ndipo kiungo kilipo.

Mzee wa Glezi: Kiungo kinathibitisha karatasi, si umri, mkuu. Sahani za baadaye nazo zilichapwa hivyo hivyo: bamba la shaba lilipashwa moto, likapakwa wino wa kobalti (madini yanayotoa rangi ya buluu) na mafuta, mchoro ukachapwa kwenye karatasi, kisha karatasi ikabandikwa kwenye chombo na kusuguliwa kwa brashi. Mimi naanza chini. Glezi ya wakati ule ilitiwa kobalti kidogo, kwa hiyo hujikusanya ikiwa buluu kwenye kona ya duara ambalo sahani hukalia. Ukikuta weupe mtupu, shuku. Angalia jina la kiwanda pia: Edward Challinor wa Tunstall, Uingereza, aliiga mfululizo huu na kuuita "Oriental Sports".

Bamba la Shaba: Kweli, kiungo peke yake hakitoshi.

Mzee wa Glezi: Klorini usiguse kabisa. Inaingia kwenye nyufa, ikikauka inaacha chumvi, chumvi inaota fuwele na kubandua glezi kutoka chini. Kwanza loweka kwenye maji yaliyotokana na mvuke uliopozwa, yaani distilled water (ya betri hayafai kama yana asidi), ukibadilisha kila siku. Doa likibaki, funika kwa pamba yenye haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, uzungushie plastiki isikauke. Pale palipowahi kugundishwa au kupakwa rangi, acha: peroksaidi itaharibu ukarabati. Na chakula chenye ndimu usiweke humo, glezi ile ina madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu.