Tupeane uzoefu: Mliwahi kumwajibisha kiongozi wa kijiji, mtaa au kata yenu? Ilikuwaje?

Mchongoma
Wakuu, salaam.

Tukizungumza uwajibikaji huwa tunapaa moja kwa moja hadi kwa mawaziri. Mzee Mwinyi aliachia Wizara ya Mambo ya Ndani miaka ya 1970 kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa vyombo vya dola Shinyanga, na yeye hakumgusa hata mmoja. Lowassa, uwaziri mkuu, Februari 2008, kashfa ya mkataba wa umeme wa Richmond. Kashfa ya fedha za akaunti ya Escrow mwaka 2014 ikaondoka na Mwanasheria Mkuu na waziri wa ardhi. Hayo tumeyasimulia mpaka yamechakaa.

Nataka ya huku chini. Mwenyekiti wa kijiji, mtendaji, diwani, kamati ya maji, kamati ya shule. Mlifanya nini, na mwisho wake ulikuwa upi? Hata kama mlishindwa, lete. Majina ya watu na vijiji tuyaache, tusije tukaitana mahakamani.

Chura wa Mtoni
Natokea Lindi, ukanda wa ufuta. Kijiji chetu kina ardhi ambayo wageni huikodi kila msimu, na fedha zake tulikuwa tunaambiwa zinakwenda kwenye zahanati. Zahanati yenyewe boma lilikuwa limekwama kwenye lenta, wagonjwa wa kwanza wakawa popo. Mkutano mkuu wa kijiji sheria inautaka kila baada ya miezi mitatu. Kwetu ulikuwa unaitishwa Mwenge ukikaribia.

Vijana wakataka kwenda kupiga kufuli ofisi ya kijiji. Mzee mmoja, mstaafu wa chama cha ushirika, akawazuia. Akasema mkifunga ofisi, kesho kesi itakuwa ya kufuli na saruji itasahaulika. Akaandika barua kwa mkono wake. Neno "mmekula" halikuwemo. Iliomba mambo mawili tu: mkutano mkuu uitishwe, na siku hiyo vitabu vya stakabadhi pamoja na leja ya vifaa viwekwe mezani. Watu wakasaini, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Nakala kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mkuu wa wilaya. Msidhani mwenyekiti aliogopa barua, aliogopa nakala.

Siku ya mkutano akasoma mapato na matumizi kwa kasi, jumla tupu. Mama mmoja muuza maandazi akanyoosha mkono: "Mwenyekiti, samahani, hapo kwenye saruji hebu rudia." Akarudia: mifuko 140. "Aliipokea nani?" Kimya. Sasa fundi alikuwa amekaa palepale chini ya mwembe, maana ni mtu wa hapohapo kijijini. Akasimama bila kuitwa. Akasema yeye alikabidhiwa mifuko 80, na daftari lake liko nyumbani. Mtoto akatumwa kulifuata. Ule muda wa kumsubiri mtoto, wakuu, sijawahi kuona mwenyekiti akinywa maji kiasi kile.

Wakaguzi wa halmashauri wakaja, mwenyekiti akajiuzulu, na sehemu ya fedha akairudisha kwa mafungu. Lakini mtendaji, ambaye ndiye aliyekuwa anashika vitabu, alihamishiwa kata nyingine. Basi. Hapo ndipo panaponiuma. Mwenyekiti tulimpa kura, tukaweza kumkataa. Mtendaji mwajiri wake yuko wilayani, kwa hiyo tuliishia kuletewa mwingine, na wenzetu wakapelekewa wa kwetu.

Jiko la Mkaa
Ana gari ndogo nyeupe na anapenda kusema "tuheshimiane"? Kama ndiye, basi tunaye sisi 😂

Kobe Mzee
Hongereni, ila msiwatie watu ujasiri wa kukopa. Mimi nilihoji michango ya madawati mkutanoni, kwa adabu kabisa, nikaitwa mchochezi. Nikalala ndani kwa zile saa 48 ambazo mkuu wa wilaya au mkoa anaweza kuamuru mtu awekwe mahabusu. Nilipotoka, majirani waliokuwa wakinisukuma niseme walikuwa wananiamkia kwa mbali. Barua ya Chura ilikuwa na saini za kijiji kizima, mimi nilisimama peke yangu na mdomo wangu. Kuna tofauti hapo, na vijana waijue kabla hawajasimama.

Embe Dodo
Mimi niko Kilifi, upande wa pili wa mpaka. Soko la wadi yetu lilizinduliwa kwa utepe na ngoma, halafu likabaki mabati na nguzo, kina mama wanauza mboga juani nje ya ukuta. Tulipokuwa tukipiga kelele mitandaoni, diwani alikuwa akitujibu kwa picha zake akigawa basari.

Tukabadili mbinu. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 zinakupa haki ya kuomba hati, na afisi inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Tukaomba kandarasi na orodha ya kazi alizolipwa mkandarasi. Siku zikapita kimya. Tukapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, na hati zikaonekana. Kumbe vyoo na mfereji wa maji vilikuwa vimeshalipiwa. Tukachapisha ukurasa ule mmoja tu, tukaubandika kwenye lango la soko. Mkandarasi alirudi na mafundi. Vyoo vipo leo. Aliyeidhinisha malipo yale bado yuko kazini, sitawadanganya.

Kuhusu kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya uchaguzi, Ibara ya 104 imo kwenye Katiba tangu 2010 na hakuna aliyewahi kurudishwa. Magavana ndio huanguka, Waititu wa Kiambu na Sonko wa Nairobi wote mwaka 2020, lakini hao waliangushwa na madiwani na Seneti. Mwananchi alitazama kwenye runinga.

Bi Kikoi
Nimewahi kuwa mjumbe wa serikali ya mtaa, Dar, kwa hiyo mniruhusu niseme la upande wetu. Mwenyekiti wa mtaa hana mshahara, anaamshwa usiku kwa ugomvi wa wapangaji, na akiitisha mkutano akidi haitimii. Wanakuja wazee na watoto. Nyie mko kwenye mpira. Mwaka mzima hamji, siku moja mnakuja na hasira za mwaka mzima. Wezi wapo, nimewaona kwa macho, na waliibia humohumo kwenye viti vitupu.

Mchongoma
Bi Kikoi umetuchapa, lakini mikutano ya saa nne asubuhi siku ya kazi nayo inaitishwa ili nani aje?

Bi Kikoi
Hilo nakubali. Wengine waliipanga hivyo makusudi.

Punje ya Mtama
Swali kwa Chura. Barua tunayo tayari, kijiji kizima kimesaini. Mtendaji anasema "iacheni hapo mezani". Tuiache?

Chura wa Mtoni
Usiiache. Nenda na nakala yako, igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo.

Punje ya Mtama
Akikataa kugonga?

Chura wa Mtoni
Posta, kwa rejesta. Risiti ya posta itunze kwa mtu ambaye hagombei chochote.